MALI BILA DAFTARI HUISHA BILA HABARI
Somo kutoka Jinja: kazi mpya kutokana na mali iliyopo

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na wa mashambani,

Somo hili linatoka Jinja, Uganda, pale ambapo mto Nile unatoka katika Ziwa Viktoria. Tunaliandika sisi wa chama cha wafanyakazi huku, kwa ajili ya wenzetu wa nchi jirani wanaoishi katika miji inayofanana na wetu: miji yenye mabohari ya mabati yaliyoota kutu, mabomba marefu yasiyotoa moshi, na vijana wanaoshinda mbele ya malango yaliyofungwa. Tunaomba lisomwe kwa sauti katika mkutano wa tawi, sehemu moja moja, na kila sehemu ijadiliwe kabla ya kuendelea na nyingine.

Swali letu ni moja. Mji wa viwanda ukiishiwa na kazi, kazi mpya zitatoka wapi?

Wengi hujibu upesi kwamba zitatoka kwa tajiri atakayekuja na fedha zake kutoka nje. Sisi hatumkatai tajiri huyo. Lakini tumemngojea miaka mingi, na wakati tunamngojea, mali tuliyokuwa nayo imeondoka mbele ya macho yetu. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa wakisema juu ya duka, lakini maneno hayo yanafaa hata kwa mji mzima.

1. JINJA ILIVYOPATA KAZI

Mji wetu haukupata viwanda kwa bahati. Mwaka 1912 reli ya Busoga ilianza kazi kati ya Jinja na Namasagali, kwa sababu ya pamba. Mwaka 1930 kiwanda cha sukari cha Kakira kilianza, kwa sababu ya miwa. Mwaka 1931 daraja la reli juu ya mto Nile lilikamilika, na treni zilizotoka pwani ya Mombasa zikaweza kupita Jinja hadi Kampala. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa, na umeme ukaanza kutoka. Bwawa hilo leo linaitwa Nalubaale, jina ambalo Waganda wanaliita ziwa.

Baada ya umeme, viwanda vilifuatana. Katika miaka hiyo ya 1950 kiwanda cha nguo cha Nytil kilianza kusokota na kufuma. Ng'ambo ya mto, Njeru, bia ilianza kupikwa. Reli ilifikishwa Kasese mwaka 1956, na shaba ya Kilembe ikaletwa Jinja kuyeyushwa, mamia ya kilomita kutoka mgodini, kwa kuwa umeme ulikuwa hapa. Nyumba za wafanyakazi zilijengwa Walukuba. Baba zetu walitoka Busoga, Bugisu, Teso, Acholi, West Nile na hata Kenya, wakakutana mlangoni mwa kiwanda, na lugha iliyowaunganisha kazini mara nyingi ilikuwa hiki Kiswahili tunachoandika sasa.

Tazameni vizuri mpangilio huo. Kila kiwanda kilisimama juu ya kitu kilichokuwapo tayari: pamba ya mkulima, miwa, maji ya mto, reli, gati. Mtaji ulitoka nje, ni kweli, lakini mtaji ulifuata mali. Hilo ndilo fundisho la kwanza.

2. KAZI ZILIVYOPOTEA

Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia kwa muda wa siku 90. Viwanda vilibaki na kuta na mashine, lakini wengi waliojua kuagiza vipuri, kuweka hesabu na kutafuta masoko walikuwa wameondoka, na waliopewa funguo wengi wao hawakuwa watu wa kazi hiyo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika moja la reli likagawanyika. Kisha ikaja vita ya 1979, na vita nyingine katika miaka ya 1980. Shaba ya Kilembe ilikwisha kusimama mwanzoni mwa miaka hiyo. Mavuno ya pamba ya Uganda, ambayo kwenye mwaka 1970 yalipita marobota 400,000, yalianguka hadi sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo.

Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yaliuzwa. Viwanda vingine vilipata wenyewe waliovifufua, Nytil ikiwa mmojawapo. Vingine vilipata wenyewe waliotaka kiwanja tu. Wakati huohuo milango ya nchi ilifunguliwa kwa nguo za mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Marekani ilitishia kuondoa nafuu ya ushuru kwa bidhaa zetu, na nchi zikarudi nyuma moja moja. Rwanda peke yake ilishikilia neno lake, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo.

Tarehe 1 Julai 2020 Jinja ilipandishwa cheo ikawa jiji. Tulishangilia. Lakini cheo hakifungui lango la kiwanda.

3. KOSA LETU SISI WENYEWE

Hadi hapa tumewataja watawala, vita na mataifa makubwa. Mwalimu mwema hasemi makosa ya wengine tu. Sasa tuseme la kwetu.

Kulikuwa na kiwanda kimoja mjini hapa ambacho hatutakitaja jina. Kilipofungwa, wafanyakazi walikuwa wanadai mishahara ya miezi kadhaa. Chama kilifanya kazi yake kama tulivyoijua. Tulikaa langoni, tuliandika barua, tulikwenda kwa afisa wa kazi, tulikwenda mahakamani. Tulidai mishahara na kiinua mgongo, na mwisho watu walilipwa sehemu ya haki yao. Tulirudi nyumbani tukasema tumeshinda.

Wakati sisi tunadai fedha kwa mlango wa mbele, mashine zilikuwa zinatoka kwa mlango wa nyuma. Malori yalikuja jioni. Mafundi wa gesi walikata vyuma usiku, na asubuhi vilikuwa vimekwisha kupakiwa kama chuma chakavu, vinauzwa kwa kilo. Hatukuzuia. Hatukuuliza hata ni mashine gani zilizokatwa. Tuliona kwamba mashine ni mali ya mwenye kiwanda, na sisi haki yetu ni mshahara tu.

Muda mfupi baadaye, mwenye mashine ya kusaga mahindi alikuja ofisini kwetu kutafuta mtu wa kumkerezea gurudumu la meno lililovunjika. Tulimpeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi mitambo katika kiwanda kile kwa miaka mingi. Tulimkuta nyumbani kwake Walukuba, anauza mkaa kwa kopo. Alikigeuza kile chuma mkononi, akakiangalia meno yake, akatuambia:

"Wanangu, kazi hii ni ya siku moja. Lakini mashine ya kukereza mliiacha ikatwe. Nayo haikuwa imekufa. Ilikosa mkanda tu."

Tulinyamaza. Mmoja wetu akamwambia, "Mzee, hatukujua." Akajibu, "Mngejuaje, na hamkuniuliza?"

Mwenye mashine aliagiza kipuri hicho Nairobi. Fedha zikaenda Nairobi, na kijana ambaye angejifunza kazi kwa mzee akaendelea kuendesha bodaboda. Tuhesabu kilichopotea siku ile: mashine, ufundi wa mzee, mteja, na kazi ya kijana. Vinne hivyo vilikuwa vyote ndani ya mji mmoja, na umbali wa kutoka kimoja hadi kingine ulikuwa mwendo wa miguu. Hakuna aliyekuwa ameviandika katika karatasi moja.

Hilo ndilo fundisho la pili, nalo ndilo kiini cha somo hili. Mji wetu haukukosa mali. Ulikosa daftari.

4. TUHESABU: TUNA NINI?

Umeme na maji. Kutoka Jinja kuteremka mto Nile kuna Nalubaale yenye megawati 180, Kiira megawati 200, na Bujagali megawati 250 iliyoanza kazi mwaka 2012. Hata hivyo wenye karakana ndogo hulalamika kwamba bei ya umeme inakula faida yao. Mwaka 2023 mabwawa ya Nalubaale na Kiira yalirudi mikononi mwa shirika la serikali baada ya mkataba wa kampuni ya nje kwisha, na mwaka 2025 usambazaji wa umeme nao ukarudi. Basi bei ya umeme ni jambo ambalo chama kinaweza kulipeleka kwa serikali moja kwa moja. Tusiseme tena kwamba mwenye umeme yuko mbali.

Reli, ziwa na barabara. Jinja ina gati iliyojengwa kupokea meli za kubeba mabehewa, na reli ya Malaba hadi Kampala inapita hapa. Daraja jipya la mto Nile lilifunguliwa mwaka 2018. Mwezi wa Oktoba 2024 serikali ilitia saini mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Malaba hadi Kampala. Kazi kama hiyo inahitaji kokoto, zege, vyuma, wachomeleaji, wapishi na walinzi. Tusipopeleka majina ya mafundi wetu kabla kazi haijaanza, tutaitwa kuchimba mitaro tu.

Mazao. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya pamba ya Uganda imesafirishwa nje ikiwa pamba tupu. Kila robota linaloondoka hivyo linaondoka na kazi ya msokotaji, mfumaji, mtia rangi na mshonaji. Hapa wenzetu wa mashambani watazame vizuri, kwa maana jambo hili ni lao pia. Mkulima akikosa bei, kiwanda kinakosa pamba, na kiwanda kikikosa pamba, mkulima anakosa mnunuzi wa karibu. Mchumaji wa shambani na mfumaji wa mjini wanakula sahani moja.

Makapi. Kakira inachoma makapi ya miwa na kupata umeme zaidi ya megawati 50, ambao sehemu yake inauzwa kwa gridi ya taifa. Zamani makapi yalionekana kuwa taka. Hatusemi hivi ili kumsifu mwenye kiwanda. Tunasema ili kila mmoja aulize kiwandani kwake: ni kitu gani tunachotupa kila siku?

Samaki. Kituo cha utafiti wa samaki wa maji baridi kiko Jinja tangu mwaka 1947. Samaki wa ziwani wamepungua, na watu wameanza kufuga samaki katika vizimba ndani ya ziwa. Vizimba vinahitaji nyavu, fremu za chuma na chakula cha samaki. Vyote hivyo vinaweza kutengenezwa hapa, na watu wanaojua kufuma na kuchomelea wapo.

Ufundi. Hii ndiyo mali isiyoonekana, nayo ndiyo inayokufa upesi. Jengo likikaa bure miaka 20 linaweza kuezekwa tena. Fundi mwenye miaka 70 akifa hakuna wa kumwezeka. Kila mwezi tunazika watu wenye elimu ya kazi ambayo hakuna chuo kilichoiandika.

Wanunuzi. Tunasahau kwamba mnunuzi pia ni mali. Shule zinanunua sare na madawati, hospitali zinanunua mashuka na vitanda, jeshi na polisi wananunua sare, halmashauri inanunua milango na mifuniko ya mitaro. Tangu mwaka 2014 Uganda ina siasa ya kununua bidhaa za nchini ili kuijenga nchi. Siasa hiyo ipo katika karatasi. Kazi yetu ni kuisoma na kuuliza, zabuni kwa zabuni, kwa nini dawati la shule yetu limetoka mbali.

5. WENZETU WALIVYOJARIBU

Katika miaka ya 1970 wafanyakazi wa kampuni ya Lucas Aerospace ya Uingereza, iliyotengeneza vipuri vya ndege, waliona kwamba wengi wao watapunguzwa kazi. Wawakilishi wao hawakungoja. Walipeleka maswali katika kila kiwanda: mna mashine gani, mna ufundi gani, na kitu gani kinachohitajiwa na watu ambacho mngeweza kukitengeneza kwa mashine hizohizo? Walipata mawazo ya bidhaa kama 150, kati yake mashine za kusaidia wagonjwa wa figo na gari la kwenda barabarani na relini. Wakubwa wa kampuni waliukataa mpango huo. Tusifiche jambo hilo. Mpango mzuri bila nguvu ya kuusukuma hubaki karatasi. Lakini njia yao ya kuhesabu tunaweza kuifuata hata sisi wenye elimu ya shule ya msingi.

Karibu nasi, Eldoret nchini Kenya, kiwanda cha nguo cha Rivatex kilifungwa baada ya kufilisika. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua, mashine mpya zikaletwa kwa mkopo kutoka India, na kikafunguliwa upya mwaka 2019. Fundisho lake ni kwamba si lazima mnunuzi wa kiwanda kilichokufa awe tajiri binafsi. Chuo kinaweza, ushirika unaweza, halmashauri inaweza. Na fundisho jingine ni kwamba mashine mpya peke yake haitoshi, maana bila pamba ya kutosha inasimama.

Hapa kwetu Jinja, mwishoni mwa miaka ya 1980, kina mama wa Masese walianza kutengeneza vifaa vya ujenzi na kujijengea nyumba, kwa msaada wa Denmark. Walikuwa watu wa hali ya chini kabisa mjini. Udongo ulikuwapo, mikono ilikuwapo, na haja ya nyumba ilikuwapo. Msaada uliviunganisha.

6. SI KILA KAZI NI KAZI

Hapa hapana budi kuonya. Mtu mwenye njaa hukubali lolote, na waajiri wanalijua hilo. Katika Uganda kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijapandishwa tangu wakati huo. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kima cha chini, lakini Rais hakuitia saini. Shilingi 6,000 kwa mwezi hazimlishi mtu siku mbili.

Kwa hiyo tunapotafuta kazi mpya tuje na masharti mkononi. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 hazimruhusu mwajiri kumweka mtu katika ukibarua zaidi ya miezi 4 mfululizo, baada ya hapo anastahili mkataba. Akiba ya uzeeni inakatwa asilimia 5 kwa mfanyakazi na mwajiri anaongeza asilimia 10. Kiwanda kikifufuliwa juu ya migongo ya vibarua wasio na mkataba, mji haukupata kazi, umepata mateso yenye lango.

7. KAZI YA TAWI: DAFTARI LA MJI

Sasa tunafika kwenye utendaji. Nunueni daftari moja kubwa, la mistari. Chagueni watu watatu: mmoja mzee wa kazi, mmoja kijana, mmoja mwanamke. Fanyeni hivi:

Kwanza, andikeni majengo. Pitieni mtaa kwa mtaa. Kila bohari na kiwanda kilichofungwa: ni cha nani, kina paa, kina njia ya reli, kina umeme au ulikatwa?

Pili, andikeni mashine. Waulizeni waliozitumia, si wenye ofisi. Mashine ipi inafanya kazi, ipi inakosa kipuri, ipi imekufa kweli. Kumbukeni mkanda wa yule mzee.

Tatu, andikeni ufundi. Nendeni nyumbani kwa wastaafu na walioachishwa. Jina, kazi aliyoifanya, miaka mingapi, yuko tayari kufundisha au hayuko. Mtu huyo mwamkieni kwa heshima, kwa maana ninyi ndio mnaokuja kuomba.

Nne, andikeni wanunuzi. Shule, hospitali, halmashauri, mashamba makubwa. Wananunua nini kila mwaka, na kinatoka wapi?

Tano, kaeni chini na kuunganisha. Chukueni mstari mmoja kutoka kila ukurasa. Jengo lipi, mashine ipi, fundi yupi na mnunuzi yupi wanaweza kukutana? Anzeni na jambo moja dogo. Karakana ya watu sita inayotengeneza vipuri vya mashine za kusaga ni bora kuliko ndoto ya kiwanda cha watu elfu sita.

Sita, pelekeni daftari mbele. Nakala moja kwa meya, moja kwa mbunge, moja kwa chuo cha ufundi, moja ibaki ofisini. Mwekezaji akija, chama kiwe na kitu cha kumwekea mezani zaidi ya malalamiko.

Saba, msingoje kufungwa. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri anayekusudia kuachisha watu 10 au zaidi katika muda wa miezi 3 kwa sababu za kiuchumi na nyingine kama hizo awaarifu wawakilishi wa chama na idara ya kazi. Wenzetu wa nchi nyingine tazameni sheria zenu. Barua hiyo ikifika, siku hiyohiyo hesabuni mashine. Katika mazungumzo dai la kwanza liwe mishahara na kiinua mgongo, kwa maana watoto lazima wale. Lakini dai la pili liandikwe chini yake: mashine zisiuzwe kama chuma chakavu kabla wafanyakazi, ushirika au halmashauri hawajapewa nafasi ya kuzinunua. Tunaweza kushindwa katika dai hilo. Lakini hatutaambiwa tena kwamba hatukuuliza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mji au shamba lenu, ni kitu gani kilichokuwapo kabla ya kiwanda kujengwa? Je, bado kipo?

2. Kiwanda cha mwisho kufungwa kwenu, mashine zake zilikwenda wapi? Nani anajua?

3. Tajeni mafundi watatu wastaafu. Kila mmoja amemfundisha nani?

4. Wafanyakazi wa mashambani: zao lenu likitoka shambani, linakwenda umbali gani kabla halijageuzwa kuwa bidhaa? Kazi gani zinabaki njiani?

5. Je, ni haki ya mfanyakazi kusema juu ya mashine, au mashine ni jambo la mwenye kiwanda peke yake?

Swali la tano lilitugawa sisi wenyewe katika tawi letu, na hatukulimaliza kwa jioni moja. Lijadilini bila haraka.

Yule mzee wa Walukuba bado yu hai. Tulipoanza daftari letu, jina lake tuliliandika katika mstari wa kwanza. Sasa kila Jumamosi vijana wawili wanakaa naye, anawafundisha kusoma michoro na kupima meno ya gurudumu kwa kipimo chake cha zamani. Mashine ya kukereza hatujaipata. Tunaitafuta, na tunajua sasa iko katika bohari gani na inakosa nini.

Umoja ni nguvu.